Nyumba Iliyofungwa Pua

Mimi nikiingia nyumbani kwa mtu, macho yangu hutafuta dirisha kabla ya kiti. Likiwa limefungwa, nalifungua, na siombi ruhusa. Mawifi zangu wamenisema mpaka wamechoka. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye chanzo cha ugonjwa wangu huu, hunitania kwamba siku nikifa jeneza langu itabidi liwekwe dirisha. Wacheke tu. Kila mtu na kilichompata.

Kilichonipata mimi kilinipata utotoni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, miaka ile redio ilipokuwa ikitufundisha kila kitu: kuchimba choo, kuchemsha maji, kujitegemea. Nilikuwa na umri wa kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, lakini bado niliogopa kupita peke yangu nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako wadogo zangu wawili walikuwa wamezikwa.

Walizaliwa wote wawili, mmoja baada ya mwingine, katika nyumba ya bibi, mama yake baba. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Kichagga, ya msonge, iliyoezekwa kwa majani mpaka chini. Ng'ombe walikaa upande mmoja, watu upande mwingine, na katikati kulikuwa na mafiga ambayo moto wake sikuwahi kuuona umezimika. Moshi ulipanda, ukazunguka juu ya vichwa vyetu, ukakaa huko hata ulipopata njia ya kujipenyeza kwenye majani. Asubuhi ukisimama kihambani, kwenye shamba letu la migomba, uliona nyumba nzima inafuka kwa nje. Bibi alikuwa akisema nyumba inapumua. Sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunakohoa.

Kwetu mwanamke akijifungua hatoki. Hukaa ndani kwa miezi, akilishwa mtori wa ndizi na maziwa ya mgando, hashiki jembe wala ndoo, na mlango unafungwa ili baridi isiingie wala jicho la mtu. Ni heshima, na wanawake wa makabila mengine walikuwa wakituonea wivu. Lakini mama alikaa ndani mara mbili na mara mbili akatoka mikono mitupu. Mtoto wa kwanza alianza kukoroma kifuani kama mzee, akafa. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Bibi aliwapandia masale pale walipozikwa, yale majani marefu ambayo kwetu hupandwa makaburini na mipakani, na ambayo mtu hulifunga jani moja fundo na kukuletea anapotaka umsamehe. Bibi alikuwa Mlutheri wa kila Jumapili, lakini masale yake hayakuwahi kukosa maji.

Baba hakumwagilia kitu. Baba alikasirika. Alifanya kazi mjini, kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, akipanga chumba mtaa wa Majengo na kupanda kwetu kila Jumamosi. Kule kiwandani vumbi la maganda ya kahawa lilikuwa haliruhusu mtu kumwona mwenzake vizuri, na wafanyakazi walijifunga vitambaa puani. Jioni kitambaa chake kilikuwa cha kahawia kabisa. Alikuwa akikikunjua mbele ya mama na kumwonyesha. "Tazama," alimwambia. "Hii yote ilikuwa inakwenda kifuani kwangu."

Mama alipopata mimba tena, baba alisema mbele ya bibi, bila kupepesa macho, kwamba mtoto huyu hatazaliwa kwenye moshi. Wawili walikuwa wametosha. Bibi akachochea kuni zake. Nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba safari hii mtoto akifa, mama hatapona. Alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa akipita karibu na yale masale na kuyashika kidogo kwa vidole, kama unavyomshika mtoto kichwani unapopita.

Basi baba akajenga. Matofali ya saruji, bati juu, na chini ya bati akapigilia dari ya magunia ya kahawa yaliyopakwa chokaa, yakashonwa mpaka ukutani pasibaki ufa. Mlango aliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli ili vumbi lisipite. Chumba cha mama kilikuwa na dirisha moja tu lililotazama migomba, na dirisha hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Redio ilikuwa imewafundisha watu kuchuja maji kwa mchanga na mkaa, na baba akaona kinachosafisha maji hakiwezi kushindwa na hewa. Akatwanga mkaa kwenye kinu cha bibi bila kumwomba. Akashona vipande viwili vya kitambaa cheupe cha amerikani, akaujaza ule mkaa katikati yake, mstari kwa mstari kama godoro, akaupigilia mzigo mzima kwenye fremu ya dirisha.

"Kitambaa kinachonifaa mimi puani," alisema, "kitaifaa nyumba dirishani."

Watu walikuja kuangalia. Walikuja wanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, walikuja wazee wa kanisa, alikuja balozi wa nyumba kumi akakibonyeza kwa kidole. Baada ya wiki chache, upande wa nje wa kitambaa ulikuwa umegeuka kijivu kwa moshi wa jiko la bibi na vumbi la barabara, na upande wa ndani ulikuwa mweupe bado. Nani angebisha? Hata mimi nilijivuna shuleni kwamba nyumba yetu imefungwa pua.

Mtoto alizaliwa wakati wa ukungu, miezi ile ya katikati ya mwaka ambapo mlima hauonekani na migomba inadondosha maji mchana kutwa bila mvua. Wa kiume. Mama akaingia chumbani kwake kukaa. Kwa kuwa mle hapakuwa na mafiga, baba alileta jiko la mkaa kutoka mjini na gunia la mkaa. Mkaa, alieleza, ni moto wa watu wa mjini. Hauna moshi. Na kweli haukuwa na moshi. Uliwaka mwekundu kimya kimya pembeni mwa kitanda, chumba kikawa na joto zuri, na hakuna aliyekohoa. Sisi tuliozaliwa kwenye moshi wa kuni tulikuwa tunaijua hatari moja tu, ile inayokutoa machozi. Isiyokutoa machozi tuliikaribisha ndani na kuifungia mlango.

Kazi yangu ilikuwa kumpelekea mama chakula. Mwanzoni nilipenda kuingia mle. Kulikuwa kimya sana. Kule kwa bibi kuna ng'ombe anacheua, kuna panya, kuna majani yanayochakarishwa na upepo. Mle hakuna kitu. Ulisikia pumzi za mtoto tu, na ukikaa ukasikiliza, ulisikia kingine.

Kilikuwa kitambaa. Sitasahau siku nilipokiona kwanza. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, ukungu umesimama, nami nimekaa chini na bakuli tupu mapajani nikimsubiri mama amalize. Kitambaa kikajivuta ndani polepole, kikatuna, kikakaa hivyo. Kisha kikarudi. Kisha kikaja tena. Nilimtazama mama kuona kama ameona. Alikuwa anakitazama, lakini si kwa mshangao. Alikuwa anakitazama kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa.

Baada ya hapo nikawa siingii bila sababu. Nikikaa sana kichwa kilinigonga, na nikitoka kilipona. Niliamini ni woga. Mara moja, nikiwa nimeegemea kitanda nikisinzia, nilisikia mtoto akikoroma kifuani, ile sauti ya wadogo zangu niliyoijua vizuri. Nikaruka kumtazama. Alikuwa amelala, pumzi zake nyepesi kabisa. Sauti ilikuwa inatoka upande wa dirishani.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Lakini mama akaniambia mwenyewe, siku moja asubuhi nilipompelekea uji, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba maziwa yameganda.

"Wenzake wamekuja," alisema.

"Nani, mama?"

"Wako hapo nje. Wanaona baridi."

Akaendelea kunywa uji. 

Halafu pakatokea jambo la pua. Kila asubuhi mtoto alikutwa na weusi puani na kuzunguka mdomo, weusi wa masizi, umepakwa vizuri. Kwetu bibi humpaka mtoto masizi kidogo kwenye paji la uso ili jicho baya limpite. Lakini hupakwa kwenye paji, hayapakwi mdomoni. Nami nilimwona bibi alipoukuta weusi ule mara ya kwanza. Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo, na siku ile alikaa chini.

"Nani amempaka?" aliuliza.

Mama alisema hajui. Na ninaamini hakujua. Alikuwa na uso mzito siku zile, macho yamevimba, akiulizwa jambo analijibu baada ya kimya kirefu. Watu walisema ananenepa vizuri. Kwetu mzazi akinenepa na kusinzia, mama mkwe wake anasifiwa.

Bibi alinivuta kando. Alinishika sikio, si kwa kuniumiza, akaniambia kwamba kuna mtu wa ukoo anayemtia alama yule mtoto. Watu walijengewa nyumba mpya, wakahamia bila kuwaambia wa zamani, wafu wa ukoo, bila hata tone la mbege kizingitini. Na juu ya hayo dirisha likazibwa. "Mtu akija kwake akakuta pamezibwa," alisema, "utamlaumu akigonga?"

Jumamosi baba alipopanda, akauona ule weusi na akamgeukia mama yake. Sijawahi kusikia ugomvi wa sauti ya chini kama ule. Alisema yeye anavunjika mgongo kumtoa mtoto kwenye masizi, na mama yake anayaingiza kwa mkono. Bibi aliapa kwa jina la Ruwa, ndiye Mungu kwa Kichagga, kwamba hakumgusa. Baba akasema, "Mama, usiingie tena mle ndani."

Neno hilo mtu hamwambii mama yake mzazi. Bibi alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kwake akipita katikati ya migomba. Hakugeuka. Nilitaka kumkimbilia, na nilimwogopa baba, nikabaki.

Jioni ile baba alifikiri tena na kupata jibu lake mwenyewe. Kama si mama yake, basi mkaa wa kwenye kitambaa ndio unaopita na kumwangukia mtoto. Chujio halikuwa zuri vya kutosha. Kwa hiyo akaongeza. Alikata kipande kingine cha amerikani, kipya, cheupe, akakipigilia kwa ndani juu ya vile vya zamani, misumari karibu karibu. Nilimshikia taa. Alifanya kazi yake kwa upendo, nasema hivyo kwa sababu nilimwona. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya kitambaa chote polepole, kutafuta kama kuna mahali hewa inapenya. Hapakuwepo. Akafurahi.

Wiki iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Ulilowesha kitambaa kwa nje, ule mkaa uliotwangwa ukagandamana kama tope. Kilikuwa hakijivuti tena. Kilikaa kimekaza, kimenyamaza, na mimi nilikiogopa zaidi kilipoacha kupumua kuliko kilipokuwa kinapumua.

Kuku wa pongezi alioletewa mama, aliyefungwa mguu chini ya kitanda, alikutwa amekufa bila jeraha. Mama hakumgundua. Nilimtoa mimi, nikamtupa migombani, nikamdanganya bibi kwamba nilimtoa nje akachukuliwa na mwewe.

Kisha nikauona uso.

Ilikuwa mchana, nimeingia na mtori. Mama amelala, mtoto kifuani. Nikageukia dirisha, na kwenye kile kitambaa kipya cheupe, usawa wa kichwa cha mtu mzima, palikuwa na uso. Paji halikuwepo wala macho. Palikuwa na pua, na chini ya pua mdomo uliofunguka, vya kijivu hafifu. Na kando yake, usawa huohuo, palikuwa na uso mwingine mdogo sana, mweusi zaidi. Nyuso zote mbili zilitazama ndani.

Nilimwaga mtori. Nilikimbia mpaka kwenye mfereji wa maji, nikakaa huko mpaka nilipoona baridi. Nilijua ni nani. Mmoja wa wadogo zangu amekuja amebebwa na mtu mzima wa huko aliko, naye amechoka kusubiri nje. Nilikuwa mtoto wa Sunday School na niliamini hivyo bila shida yoyote.

Siku ya pili nilirudi kwa sababu lazima mama ale. Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini na mwanga ulikuwa wa magharibi. Nilisukuma mlango kidogo, ule mpira ukalia kama kawaida yake, nikachungulia kwanza.

Mama alikuwa amesimama dirishani. Miguu imepanuliwa kama mtu aliye kwenye mteremko, mkono mmoja umeshika ukuta, mtoto kwenye mkono mwingine. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yanaona. Alikuwa amemwinua mtoto na kuukandamiza uso wake kwenye kitambaa, pale penye ile alama ndogo, na kumshikilia hapo. Aliushikilia kwa muda mrefu. Mtoto hakulia. Kisha akamshusha, naye mwenyewe akaubandika uso wake kwenye ile alama kubwa, upesi, akautoa, akamwinua mtoto tena.

Nilichoona mimi ni mama yangu anawabusu walio nje. Anawapa mtoto wambusu. Na niliona kwamba akiendelea hivyo watamchukua.

Niliacha mlango wazi, nikakimbia kwa bibi. Nilikuwa nalia na sikuona aibu. "Bibi, mama anampa mtoto," nilisema. "Anawapa dirishani."

Bibi aliniuliza, "Baba yako alisema nisiingie?"

"Ndiyo, bibi."

Alitoka nje, akachuma jani la sale na kulifunga fundo. Alichukua kibuyu cha mbege. Hakukimbia, lakini sikuweza kumfikia. Mlangoni kwetu alilifunga lile jani kwenye kitasa, kwa ajili ya mwanawe atakaporudi, kwa kuwa kwetu mtu aliyeletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akamwaga mbege kizingitini, akawaambia wa zamani kwa Kichagga kwamba wameonewa, wameachwa kwenye baridi, waingie sasa, hapa ni kwao. Akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Akaenda moja kwa moja dirishani, akaingiza vidole nyuma ya fremu, na akaing'oa. Misumari ilitoka na vipande vya saruji. Ukungu ukaingia ndani mzima mzima, mweupe, nami niliuona kwa macho yangu ukipita juu ya kitanda. Nikasema basi, hao wameingia.

Mama akaanguka. Hakuanguka mbele, alikaa tu chini pale ukutani kama gunia lililolegea, na bibi akamdaka mtoto. Mtoto alikuwa mwekundu midomoni na mlegevu, shingo haina kazi. Bibi alimtoa nje, akamlaza juu ya majani ya migomba penye ubaridi, akambandika mdomo puani na kumfyonza. Alitema kitu cheusi. Akamfyonza tena, akatema. Nilikuwa namshika mama miguu, nikimvuta kumtoa, siwezi, navuta tu. Niliposikia mtoto analia nilikaa pale sakafuni, miguu yake bado mikononi mwangu.

Mama alipelekwa kwa bibi, kwenye moshi na ng'ombe. Alitapika, akalala, akaamka. Kesho yake aliuliza kwa nini dirisha la chumba chake halina kitambaa. Hakukumbuka lolote.

Jumamosi baba alifika. Aliliona tundu la dirisha kwanza, uso ukambadilika, akaja mlangoni kwa hatua kubwa, akakuta jani la sale limefungwa kwenye kitasa, limeanza kunyauka. Alisimama hapo. Mikono yake ilifunguka na kufumba. Mtu mwingine angelikata. Yeye alilifungua fundo, akalitia mfukoni, akaenda kumwamkia mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halikuzungumzwa lingine. Lakini hakuamini habari za wafu, alikuwa mtu wa kujionea. Alirudisha fremu kwenye dirisha, akapigilia. Akawasha jiko vizuri mpaka likawa jekundu, akaliingiza chumbani, akaingia nalo na kufunga mlango. Bibi na mimi tulikaa nje kwenye gogo. Mama alikuwa kwa bibi, ananyonyesha. Kuku walidonoa, mtu alipita barabarani na kutusalimia, tukaitikia. Tulikaa mpaka bibi akaanza kung'ata pindo la kanga. Kisha ule mpira ukalia, mlango ukafunguka kidogo, na baba akatoka akitambaa. Mikono, magoti. Alitambaa mpaka kwenye migomba akaegemea shina na kutapika. Alikuwa analia, baba yangu, ambaye hakulia kwenye maziko ya hata mmoja.

"Wamo," alimwambia bibi. "Nimewasikia wote wawili."

Bibi akamfuta mdomo kwa kanga. Baba hakusema walimwambia nini. Hakusema siku ile wala alipokuwa mzee, na nilimuuliza.

Jumatatu tulishuka wote mpaka hospitalini mjini. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, alimgeuza mtoto, akamsikiliza kifua, akauliza tu: jiko la mkaa lilikuwa ndani? Baba akasema ndiyo, lakini halina moshi. Yule mama alimtazama kwa huruma. "Linao," alimwambia. "Ila huo hauonekani, na kitambaa hakiukamati. Unalewesha mtu, unamwonyesha vitu, halafu unamlaza. Ukitaka hewa nzuri, kwanza moto utoke nje. Kitambaa baadaye."

Baba alirudi na nyundo. Dari ya magunia aliishusha pembeni, akaacha uwazi wa kiganja chini ya bati kuzunguka nyumba yote. Mlango aliukata chini. Jiko likahamia kibandani, nje. Dirishani akaweka wavu wa chuma na kitambaa kimoja chepesi cha vumbi, kinachofuliwa kila Jumamosi, na ukiweka kiganja chako hapo unasikia baridi inapita. Na bila kuambiwa na mtu, alipanda kwenye nyumba ya bibi akatoboa tundu kileleni na kulifunika kwa kijifuniko cha bati, moshi ukapata njia. Bibi alinung'unika wiki nzima kwamba nyumba yake imetobolewa utosi. Lakini kikohozi chake cha asubuhi kilipungua. Kuhusu wa zamani, alisema walichotaka ni kufunguliwa, na wamefunguliwa, basi hawana neno. Mpaka leo siwezi kumbishia vizuri.

Mtoto akaishi. Mama alitoka ndani amembeba, mchana wa jua, kanga mpya, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka barabarani. Akaanza kuimba tena, vibaya kama zamani.

Kile kitambaa nilidhani kilichomwa. Mama alipofariki, tukiwa watu wazima, mimi ndiye niliyefungua sanduku lake. Chini kabisa, chini ya kanga za harusi, palikuwa na kipande cha amerikani kilichokunjwa mara nyingi, kina matundu ya misumari pembeni. Sijui nani alimpa, nadhani ni bibi. Nilikikunjua kitandani kwake, nikafungua dirisha ili nione vizuri.

Nyuso zilikuwepo bado. Na mimi, mtu mzima, mwenye watoto, hatimaye nilielewa nilichokiona alasiri ile. Pale kwenye kitambaa ndipo mahali pekee chumbani ambapo hewa ya nje ilikuwa inapenya, kidogo, kwa kunyonya. Akili yake ilikuwa imekwisha kulewa, hakujua yuko wapi wala ni siku gani, lakini mwili wake ulijua hewa iko wapi, ukampeleka yeye na mtoto hapo. Pumzi zao zenye maji zilikuwa zikiuvuta mkaa kupita kwenye nguo. Yeye alijifuta uso kwa kanga, na mtoto hakuwa na mkono wa kujifutia.

Nilimwita mdogo wangu kutoka sebuleni. Ana kitambi sasa na ndevu za mvi, alikuja akilalamika kwamba nimeshafungua madirisha yote na msiba una wazee wanaoona baridi. Nilimweleza. Alikiinamia kile kitambaa kwa muda mrefu, akakipitishia kidole.

"Dada," alisema, "ulisema alama kubwa ni ya mama. Mbona karibu haionekani? Hii ndogo ndiyo nyeusi tii."

"Hesabu mwenyewe nani alipewa zamu nyingi," nilimwambia.

 Alikwenda dirishani, akalisukuma likafunguka mpaka mwisho, akasimama hapo, anavuta hewa.